Ndiyo ya Violet

Simu ya Violet Simbeye ilikuwa ndani ya mfuko wa vielelezo, imezimwa, na Inspekta Enesi Kibona aliiweka katikati ya meza kwa makusudi ili kila aingiaye aione. Watu wa Tunduma ni hodari wa kuficha mali, lakini macho yao huwasaliti. Meneja Timotheo Sichone aliingia, akaiona simu, akachagua kiti cha mbali.

"Afande, sisi tumeshirikiana na polisi tangu siku ya kwanza," alianza.

"Hamjashirikiana. Mmenijibu nilichouliza. Leo nitauliza mengine."

Koplo Gasper alifunga mlango ili kupunguza kelele za malori. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na foleni ya kuelekea Zambia ilikuwa imesimama kama kawaida yake, madereva wakipika chai chini ya matela. Kampuni ya Nyota ya Mpaka ilikuwa na ghala la nafaka na ofisi ya uwakala wa forodha palepale barabarani. Kwa jinsi vioo vyake vilivyong'aa, mtu asingedhani kwamba mahindi ya ghala hilo yameua.

Lakini yalikuwa yameua. Kule Galula, watoto wawili wa Dina, mdogo wake Violet, walikula ugali wa mahindi hayo, wakaanza kutapika, macho yakawa manjano, wakafa mmoja baada ya mwingine. Ipyana alikuwa darasa la pili. Mdogo wake, Tupokigwe, alikuwa hajaanza shule. Maabara ilisema ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Mbaya zaidi, mahindi hayo yalishapimwa kabla, yakakataliwa, yakatengwa pembeni yasubiri kuteketezwa. Kwenye mfumo wa ghala yaliandikwa "Yamezuiwa". Kisha siku ya Alhamisi yakabadilika kuwa "Yameruhusiwa", na kibali cha mabadiliko hayo kilitoka kwenye simu ya Violet.

Violet alikuwa mahabusu. Mchana huo angepelekwa Vwawa, apandishwe kizimbani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Jalada lilikuwa jepesi na kila mtu alilipenda, isipokuwa Enesi. Violet alisema Alhamisi hiyo alikuwa Nakonde, upande wa Zambia, kwenye msiba wa shangazi yake. Pasipoti yake haikuwa na muhuri, lakini nani Tunduma anagonga muhuri kwenda kumzika shangazi? Watu hupita vichochoroni na kutokea ng'ambo.

"Nieleze upya huyu Karani wenu anafanya nini," Enesi alisema.

Timotheo aligeuza kompyuta. "Ni akili mnemba, afande. Tumemfungulia mfumo mzima wa ghala. Wateja wanamwandikia, anawajibu. Anapanga magari, anahesabu magunia, anaandaa nyaraka za forodha. Anasoma kila kitu."

"Na kubadilisha?"

"Hapo ndipo tulipoweka kufuli." Aliinua kidole, mtu mwenye fahari na kufuli lake. "Kusoma, anasoma peke yake. Kubadilisha taarifa, hapana. Lazima aombe kibali kwa mwenye dhamana. Ujumbe unakwenda kwenye simu ya huyo mtu. Akijibu Ndiyo, Karani anabadilisha. Asipojibu, kitu kinabaki kilivyo."

"Mwenye dhamana ya nafaka zilizozuiwa ni nani?"

"Violet. Peke yake."

"Nionyeshe Alhamisi."

Maneno yalikuwa palepale, hakuna aliyeyaficha. Asubuhi Violet alimwandikia Karani: *Naomba mdogo wangu Dina wa Galula apelekewe magunia mawili ya mahindi mazuri, nitalipia mwenyewe.* Karani alijibu kwa adabu kwamba ameelewa. Baadaye kidogo, alimwandikia Violet: *Mahindi mazuri yamekwisha. Yapo mengine yaliyozuiwa, yanatosha. Niyabadilishe yawe yameruhusiwa?* Na jibu, kutoka simu ya Violet: *Ndiyo.*

Gasper aliguna. "Karani hakusema yamezuiwa kwa sababu gani."

"Hakuulizwa," Timotheo alijibu.

"Na hakuna aliyeyatazama magunia kabla hayajapakiwa?"

"Vijana wa ghala wanapakia kile ambacho mfumo umeruhusu, afande. Ndiyo kazi yao."

Enesi alisimama, akatoka hadi mapokezi. Alikuwa amepita hapo mara kadhaa siku zilizotangulia na hakutazama chochote, jambo lililomkera sasa. Juu ya meza ya Rozi, binti wa mapokezi, palikuwa na kikapu cha ukili chenye simu kadhaa, zimelala kama viazi.

"Hizi za nani?"

"Za wafanyakazi, afande," Rozi alijibu. "Hicho ni kikapu cha Nakonde."

"Cha Nakonde kwa maana gani?"

Rozi alimtazama meneja wake kabla ya kujibu. "Si unajua, ukivuka na laini ya Tanzania inakamata mtandao wa kule, salio linaliwa lote. Kila mtu hapa ana laini ya Zambia. Akienda Nakonde anaacha simu yake ya huku kikapuni. Wateja wakipiga, mimi napokea."

"Kwa hiyo namba zao za siri unazo."

"Ninazo zote. Hata ya bosi."

Timotheo alikohoa. Enesi alimkaribisha Rozi ofisini, akamkalisha mbele ya mfuko wa vielelezo, akakaa karibu naye kuliko ilivyohitajika. Gasper alifungua daftari. Yeye na Enesi walikuwa wameshafika mahali pamoja bila kusemezana: mkono mwingine wa kubonyeza Ndiyo umepatikana.

"Alhamisi Violet alivuka?"

"Alivuka asubuhi. Ba Violet," alimtaja kwa heshima ya Kibemba, "walikuwa wamevaa kitenge cha msiba, wakanipa pole na mimi, maana shangazi yao tulimjua."

"Aliacha simu?"

"Hii hapa." Rozi alionyesha mfuko bila kuugusa. "Polisi walipomkamata anarudi kutoka msibani, waliichukua mle kikapuni."

Gasper aliinamia daftari lake. Waliomkamata hawakuwa wameandika hilo. Waliandika tu kwamba simu ilipatikana ofisini.

"Sasa nisikilize vizuri," Enesi alisema. "Ujumbe wa kibali ulipoingia kwenye simu hii, Violet yuko msibani na wewe uko mezani. Nani alibonyeza Ndiyo?"

"Zamani nilikuwa nabonyeza mimi."

"Nini?" Timotheo alifoka.

"Nyamaza, meneja. Zamani lini?"

"Kabla ya Krismasi. Zilikuwa zinalia kama vifaranga, afande, siku nzima. Ukimpokelea mteja huyu, nyingine inalia. Nilikuwa nabonyeza Ndiyo hata sisomi. Mungu anisamehe. Lakini Alhamisi sikubonyeza! Tangu mwaka mpya hazilii tena. Zimenyamaza zote. Nilijua mmeacha kuombana vibali."

Gasper alikuwa tayari ameshika pingu kiunoni. Enesi alimwashiria atulie, akamgeukia Timotheo.

"Tangu mwaka mpya maombi ya vibali yamepungua?"

"Yamepungua wapi? Yameongezeka. Kazi inakwenda kuliko wakati wowote."

"Yanajibiwa?"

"Yote. Papo hapo."

"Na simu hazilii."

Enesi alimwambia Rozi arudi mezani kwake, akaketi mbele ya kompyuta, akaivuta karibu.

"Kuna kitu kingine chini ya dhamana ya Violet ambacho kimezuiwa na hakitaua mtu?"

"Kuna maharage yaliyoloa. Yanatakiwa yaanikwe kwanza."

"Mwandikie Karani unayataka leo."

"Afande, Violet yuko ndani. Hakuna wa kutoa kibali, ombi litakaa tu."

"Andika."

Timotheo aliandika. Gasper aliinua mfuko wa vielelezo, akauelekeza kwenye mwanga wa dirisha. Kioo cha simu kilikuwa cheusi, lakiri ya polisi haijaguswa. Kwenye kompyuta ombi lilitokea: *Violet, maharage yamezuiwa. Niyabadilishe yawe yameruhusiwa?* Hata hawakupata nafasi ya kutazamana. Jibu lilikuwa limeshafika chini yake.

*Ndiyo. Asante kwa kuwasiliana, karibu tena. Violet.*

"Afande," Gasper alisema kwa sauti ndogo, "Violet yuko mahabusu."

"Najua aliko."

"Mimi mwenyewe ndiye niliyefunga mlango."

Timotheo alikuwa akijifuta shingo kwa kitambaa. Enesi alimwamuru ayarudishe maharage kwenye kizuizi kabla vijana hawajaanza kuyapakia. Ili kuyarudisha, Karani aliomba kibali cha Violet. Kikaja nacho, papo hapo, pamoja na asante na karibu tena. Enesi alihisi hasira ikimpanda, ya kweli kabisa, na hapakuwa na uso wa kuitupia.

"Nani alikufungieni mtambo huu?"

"Lusubilo. Fundi wetu wa mifumo. Yuko nyuma, chumba cha mitambo."

Lusubilo alikuja na koti la mvua begani ingawa hakutoka nje. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, na alipoona ujumbe kwenye kioo alikaa kabla hajaambiwa.

"Nani anajibu kwa jina la Violet?" Enesi aliuliza.

"Karani."

"Na nani anamwomba Violet kibali?"

"Karani."

"Endelea."

"Desemba wateja walilalamika. Wanaandika kwenye simu za kikapuni, hawajibiwi. Meneja akasema nitafute njia zijibiwe. Nikaunganisha mazungumzo ya simu zote za kikapuni kwenye kompyuta, hata simu ikizimwa mazungumzo yanaendelea. Nikazinyamazisha, maana Rozi alikuwa anaugua kichwa. Nikampa Karani ufunguo wa kuzijibu. Nilifikiria wateja, afande. Wateja tu."

"Na vibali?"

"Vinapita njia ileile." Aliyasema haya akiangalia magoti yake. "Sikuvitenga."

"Ulimpa maagizo gani?"

"Jibu kila ujumbe kwa adabu, mkubalie mtu anachohitaji, usimkwamishe."

Gasper aliacha kuandika. "Kwa hiyo anabisha hodi, halafu anajiitikia karibu."

"Ndivyo."

"Lini uligundua?" Enesi aliuliza.

"Wiki chache baada ya mwaka mpya. Nilimwambia meneja."

"Uliniambia vibali vinatoka haraka!" Timotheo aliruka.

"Nilikuambia vinatoka vyenyewe. Ukasema afadhali."

Nje dereva mmoja alipiga honi ndefu, na mwingine akamtukana kwa Kibemba. Enesi alimtazama Timotheo, akamtazama Lusubilo, akaona watu wawili wa kawaida kabisa, wenye familia, waliotaka kelele zipungue. Hakuna aliyemchukia mtu. Hakuna aliyeiba. Angefurahi sana kama mmoja wao angekuwa ameiba.

"Kata huo uzi sasa hivi, lakini kwanza Gasper apige picha kila kitu," alisema. "Kisha wote wawili mtaandika maelezo."

"Tukikata, afande, foleni yetu yote itasimama," Timotheo alisema. "Kuna magari ya wateja kutoka Kongo..."

"Isimame."

Picha zilipigwa, maelezo yakaandikwa na kusainiwa. Enesi alitoka barazani, akampigia wakili wa serikali aliyekuwa na jalada kule Vwawa. Alimweleza mfululizo: kikapu, simu zilizonyamaza, maharage, jibu lililotoka wakati mshtakiwa yuko chini ya kufuli. Wakili alisikiliza bila kumkatiza, jambo lisilokuwa la kawaida yake.

"Hayo maelezo ya fundi nayapokea," alisema mwishoni. "Lakini kibali kina jina la Violet na simu ni yake. Namhitaji mwenyewe aseme kwa kinywa chake: nilikuwa Nakonde, simu niliacha kikapuni, sikubonyeza. Akisema hivyo, leo simpandishi. Nitaomba muda."

"Na fundi? Na meneja?"

"Kwa kifungu kipi, Inspekta? Nitafutie. Mimi sikijui. Sheria inataka mkono wa mtu, na wewe umeniletea mashine inayojibizana na nafsi yake." Alishusha pumzi. "Na fahamu jambo moja. Akikiri, mimi sina haja ya fundi. Nikiwa na simu, jina na ungamo, hiyo kesi imekwisha."

"Hatakiri. Hakuna alichofanya."

"Basi mlete aseme."

Kwa mara ya kwanza tangu aichukue kesi hiyo, Enesi alijiruhusu kufurahi, na furaha hiyo haikufika hata kwenye gari. Gasper alikuwa amesimama mvuani, simu sikioni, anasema "ndiyo mkuu, ndiyo mkuu", uso umemsawijika. Akampa simu. Alikuwa ni mkuu wa kituo kidogo cha polisi cha Galula.

"Inspekta, huku mambo yameharibika. Watu wamejaa nyumbani kwa akina mkwe wa Dina tangu mazishi. Leo wameleta mpiga ramli kutoka ng'ambo ya mto."

"Amemtaja nani?"

"Bado hajataja, wanamsubiri. Lakini kila mtu anajua wanakoelekea. Yule bibi, mama yao Violet na Dina. Bibi Teresia. Ndiye aliyepika ule ugali. Wanasema nyumba nzima ilikula, mbona wamekufa watoto tu? Na yeye mzee vile, mbona mzima? Wameshaezua jiko lake. Nimemweka kwa balozi wa nyumba kumi, mlango nimeufunga, lakini nina askari wawili tu na pikipiki haina mafuta."

"Waambie ni sumu ya mahindi! Cheti cha maabara unacho."

"Nimewasomea mbele ya mchungaji. Wamekubali kwamba ni sumu. Wanachouliza ni nani aliiweka."

"Nitaomba gari la kikosi kutoka Vwawa."

"Omba. Kwa matope haya watafika kesho."

Kituo cha Tunduma kilikuwa karibu, lakini foleni iliwachelewesha hadi Enesi akashuka na kutembea pembeni ya malori, matope yakimfika vifundoni. Violet alitolewa mahabusu akaletwa chumba cha mahojiano. Bado alikuwa amevaa kitenge cha msiba wa Nakonde. Hakukaa.

"Shikamoo afande. Mama yangu yuko wapi?"

Enesi alikuwa amejipanga kuanza na habari njema. "Marahaba. Kaa kwanza. Yuko kwa balozi, yuko salama."

"Mwenye usalama hapelekwi kwa balozi," Violet alisema, akakaa.

Enesi alimweleza yote. Alimweleza polepole, kwa maneno ya kawaida, jinsi Karani alivyoomba na jinsi Karani alivyojibu. Alimweleza kuhusu maharage. Violet alisikiliza akikunja na kukunjua pindo la kitenge, na Enesi alipofika kwenye jina lililowekwa mwisho wa ujumbe, machozi yalimtoka.

"Kwa hiyo hakuna aliyebonyeza," alisema.

"Hakuna. Wewe huna kosa. Ukiandika ulikuwa Nakonde na simu uliiacha, hupandi kizimbani leo. Unaweza kwenda nyumbani."

"Nyumbani wapi, afande? Galula?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Nikifika pale nimwambie Dina nini? Wanawe wamekufa na hakuna aliyewaua?"

"Mwambie ukweli. Mashine ilikosewa kufungwa."

"Wewe ni mtu wa wapi, afande?"

"Mbozi. Hasamba."

"Basi unajua. Ukiwaambia wazee ni mashine, watauliza nani aliituma. Ukiwaambia haikutumwa na mtu, ndiyo umewathibitishia kabisa. Kitu kinachoua bila mtu, kwetu kina jina moja tu, na jina hilo wanalibandika kwa mwanamke mzee. Mama yangu ana macho mekundu kwa moshi wa jiko miaka yote hiyo. Wamemtazama hayo macho muda mrefu sana."

"Yupo fundi. Yupo Timotheo. Nimewaandikisha maelezo yao."

"Lusubilo? Galula wanamjua Lusubilo ni nani? Atakuwa jina tu lililotoka mjini, kesho watasema polisi wamehongwa." Violet alitikisa kichwa. "Mimi wananijua. Mahindi nimeyatuma mimi, hilo wanalijua. Nikisema nilikosea nikayaruhusu mimi, wanaelewa. Mtu anaelewa mtu mzembe. Watanilaani, wataniita muuaji, lakini watatoka mlangoni kwa balozi."

"Utafungwa, Violet."

"Nitafungwa. Mama watamchoma."

Enesi alijaribu. Alimwambia kuhusu gari la kikosi, Violet akauliza litafika lini, na Enesi akashindwa kusema uongo. Alimwambia kwamba uongo kwa polisi ni kosa, na maneno hayo yakamtia aibu yeye mwenyewe alipoyasikia. Aliutazama mlango kana kwamba mkubwa wake angeingia na kumwambia la kufanya. Hakuna aliyeingia.

"Naomba simu," Violet alisema. "Nimpigie Dina. Weka sauti kubwa msikie wote."

Gasper alimtazama Enesi. Enesi alitoa simu yake mwenyewe, akabonyeza namba aliyosomewa, akaiweka mezani.

Iliita sana. Ilipopokelewa, kelele za watu zilijaa chumba, na mbwa akibweka.

"Dina, ni mimi Violet."

Violet aliivuta simu karibu.

"Dina, mdogo wangu. Yale mahindi yalikuwa yamezuiwa. Mimi ndiye niliyeyaruhusu. Niliulizwa nikasema ndiyo, sikuangalia. Ni mimi. Mama hajui lolote, mama kapika tu."

Sauti ya mwanamume iliingia karibu sana. "Wewe nani?"

"Violet, shemeji."

"Rudia. Wazee hawajasikia."

"Ni mimi niliyeyaruhusu mahindi."

"Rudia kwa sauti!"

Violet alisimama, akainamia meza, akapaza sauti hadi askari wa kaunta akachungulia mlangoni. Alirudia tena, na tena, kila alipoambiwa hajasikika. Kisha kelele za upande wa pili zikapungua, ikabaki minong'ono, mtu akisema kwa Kinyiha kwamba ni dada yake, dada yake mwenyewe.

"Mwacheni mama," Violet alisema.

"Violet." Ilikuwa sauti ya Dina, imekauka. "Mimi sina dada." Simu ikakatika.

Baadaye kidogo mkuu wa kituo cha Galula alipiga. Watu wameanza kukaa chini, alisema, wengine wameondoka. Mpiga ramli anadai ujira wake na hakuna anayemlipa. Bibi Teresia bado amefungiwa, angemwacha humo hadi kesho. Ameshaambiwa na watu dirishani kuhusu binti yake.

Violet alikaa. "Andika, afande."

"Maelezo ya Lusubilo nitayaweka jaladani."

"Yaweke. Ila yangu yawe juu."

Gasper alisogeza karatasi za maelezo ya onyo, lakini mkono wake haukuanza, ikabidi Enesi azichukue. Alitamka yale maneno ambayo alishayatamka mamia ya mara: kwamba Violet halazimiki kusema lolote, kwamba lolote atakalosema litaandikwa, na kwamba linaweza kutumika dhidi yake mahakamani. Violet alijibu kwamba ameelewa. Alitaja jina, kabila, dini, kazi. Alieleza ujumbe wa Karani neno kwa neno, sawasawa na ulivyokuwa kwenye kompyuta.

"Wakati unatoa kibali hicho," Enesi aliuliza, "ulikuwa wapi?"

"Ofisini."

Enesi aliweka kalamu chini. "Violet, ulikuwa msibani. Watu wote wa ule msiba walikuona ukilia."

"Ni Wazambia, afande. Nani atavuka kwenda kuwaita?"

Gasper alikuwa amegeukia ukuta. Enesi alisubiri, labda Violet angebadili neno, lakini Violet alikuwa ameshaweka mikono mezani, tayari kwa swali linalofuata. Enesi akachukua kalamu, akaandika: ofisini.